Mama Alisema Doa

Kwetu, kaka ya mama yako unamwita Mama. Aliyekuzaa ni Eiyo. Kaka yake, hata awe na ndevu za kufagia kifua na sauti ya kushtua ng'ombe, huyo ni Mama, na ukimwita kitu kingine umekosa adabu. Naanza na hilo kwa sababu asiyelijua atasoma hapa akifikiri nilikuwa natembea na mwanamke mwenye gambuti. Kuna mtu alifikiri hivyo, na tutafika kwake.

Mama wangu ana shamba la majani chai upande wa Kericho. Eiyo alinituma kwake kutoka Chebunyo nilipomaliza fomu foo na gredi ambayo tulikubaliana nyumbani tusiitaje mbele ya wageni. "Nenda kwa Mama," Eiyo aliniambia, "atapatia hiyo mikono yako kazi." Akaipatia. Asubuhi nilichuma majani, mchana nilikata nepia, yale majani ya ng'ombe, jioni nilikamua. Lakini kichwa changu, tangu jogoo la kwanza, kilikuwa barabarani kinaendesha gari.

Si mchezo, leseni nilikuwa nayo. Nilienda kusomea udereva Bomet mjini, na ile picha ya leseni inanionyesha nimeshangaa kama mtu aliyeambiwa ameshinda mbuzi kanisani. Kitu sikuwa nacho ni gari. Kwa hivyo nilikuwa nakaa kwa kiti cha plastiki nyuma ya zizi, kifuniko cha sufuria mkononi, nabadilisha gia na mwiko. Mke wa Mama (najua inavyosikika, vumilia tu) alikuwa akipita na ndoo ananiuliza, "Dereva, umefika wapi?"

"Napita Bomet, naingia Ndanai."

"Ukirudi uniletee chumvi. Na usigonge kuku wangu."

Nilikuwa nimepanga kila kitu. Asubuhi nitabeba maziwa, mchana abiria, Jumapili kwaya. Mama mjamzito sitamlipisha. Wala mzee, wala mtu anayeenda mazishini, wala mtoto wa shule aliyenyeshewa. Siku moja nilikaa nikaangalia vizuri nikakuta abiria wa kulipa amebaki mmoja tu kijiji kizima, mwenye duka, na yeye ana gari yake. Hata hilo halikunivunja moyo. Nilisema Mungu atamharibia injini siku moja moja.

Basi mwaka huo Mama aliuza miti yake ya bluugum, ile aliyopanda akiwa kijana, ikaenda kuwa kuni za kiwanda cha chai. Akaiweka pesa hiyo pamoja na bonasi za majani alizokuwa amezificha benki hata mkewe asizijue, ingawa mkewe alizijua. Jioni moja tulipomaliza kula akasafisha koo.

"Pesa ni kama maziwa," alisema. "Ukiiacha kwa sufuria bila kuamua ni ya chai au ni ya kugandisha mursik kwenye kibuyu, itaamua yenyewe, na itaharibika. Ijumaa tunaenda Kericho kwa watu wa magari. Wakinipatia gari kwa laki tisa, tunarudi nayo na wewe ndiye dereva. Wakikataa, Jumamosi niko sokoni Ndanai. Kuna mtu ameniwekea mitamba watano wa gredi, wale wa maziwa mengi."

"Na wakiwa mitamba, mimi nitakuwa nani?" niliuliza.

Akanitazama kwa upole. "Nepia haijikati, mtoto wangu."

Usiku huo nililala vibaya. Mitamba watano. Niliwaona wamejipanga mbele ya kitanda changu, wananitafuna kwa macho.

Kesho yake nikapiga simu kwa yadi moja ya magari nje kidogo ya mji. Akapokea kijana mwenye Kiswahili kama cha redio. Nikamwambia tunataka stesheni wagoni ya kazi, isiwe mbovu, na kwamba nitakuja na Mama, yeye ndiye mwenye pesa.

"Mlete mama, ndugu yangu, mlete!" alisema kwa furaha. "Mimi akina mama nawaheshimu sana. Atakaa kwenye kiti, atakunywa chai."

Nikasema sawa. Hata sikufikiri. Mtu hafikirii maziwa aliyonyonya.

Ijumaa tulipofika, kijana alikuwa amesimama getini. Alikuwa mtu wa Mombasa, aliyepanda huku na magari yenyewe kutoka bandarini, na baridi yetu ilikuwa imemkamata kweli kweli. Alivaa sweta, juu ya sweta sweta, juu yake koti ya suti ambayo vifungo vyake vilikuwa vimekata tamaa, na shingoni skafu. Kiti kimoja alikuwa amekitandikia leso ya maua. Na mbele kabisa alikuwa ameegesha kigari kimoja kidogo chekundu, kimeoshwa, kina kamdoli kwenye kioo.

Akatazama nyuma yangu. Akatazama nyuma ya Mama. Akaniuliza polepole, "Mama yuko wapi? Au bado yuko njiani?"

"Si ndiye huyu hapa," nikasema.

Mama alikuwa amesimama na gambuti zake, koti lake la mvua na fimbo yake ya kuchungia, anatema mate kando kwa heshima. Yule kijana akaitazama leso yake ya maua, akamtazama Mama tena. Nilipogundua kilichotokea nikamweleza haraka haraka, lakini jasho lilikuwa limeshamtoka, pengine kwa mara ya kwanza tangu aje Kericho.

"Shikamoo, mzee wangu," akasema akiinama.

Huku kwetu hiyo salamu tunaisikia shuleni tu, kwa kitabu. Mama akafikiri kidogo, akamjibu, "Ndiyo, asante. Na wewe pia shikamoo."

Akaenda akakaa juu ya leso.

Sasa lazima niseme kitu kingine kuhusu Mama. Yeye ndiye msemaji wa ukoo wetu wakati wa koito, yale mazungumzo ya mahari. Kijana akitaka kuoa, Mama ndiye anayevaa koti na kwenda kuongea na wazee wa upande ule. Sijawahi kusikia ameshindwa. Na kwa sababu hajawahi kushindwa huko, anaamini kila kinachonunuliwa duniani kinanunuliwa vivyo hivyo: unakaa, unasifu mvua, unauliza habari za mifugo, unakunywa walichokupa, ndipo mambo yanakuja yenyewe. Ukitaja bei kabla ya chai umeuza binti kama kuku.

Chai ikaja. Ilikuwa ya rangi, na iliki. Mama akatazama ndani ya kikombe muda mrefu.

"Kijana, ng'ombe wako wamepatwa na nini?"

"Sina ng'ombe, mzee."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Pole sana," Mama akasema, na alimaanisha. Akainywa yote kwa ajili ya msiba.

Tukaenda kuona gari. Ilikuwa nyeupe, ndefu kwa nyuma, ina tumbo la kubeba mitungi ya maziwa na mabega ya kupanda matope. Mimi niliipenda hapo hapo, nikaona aibu jinsi nilivyoipenda, nikajifanya naangalia tairi. Ilikuwa mpya. Yaani mpya ya hapa kwetu, ile ambayo bado haijaendeshwa na Mkenya. Mjapani hahesabiwi.

Mama akaizunguka, mikono nyuma.

"Huyu ametoka kwa nani?"

"Japani, mzee wangu."

"Huko wana mvua?"

Kijana akanitazama. Nikamwonyesha kwa kichwa ajibu tu. "Ipo, mzee. Ya kutosha."

"Na kwao alikuwa anafanya kazi gani?"

Hapa kijana akarudi kwenye barabara anayoijua. "Alikuwa wa bibi mmoja mzee, mzee wangu. Bibi alikuwa anaenda naye dukani, anarudi. Dukani, anarudi. Hajaona taabu kabisa."

"Mh." Mama akagusa boneti kwa kiganja, kama anayepima homa. "Mzuri hivi, mpole hivi, mchapa kazi. Sasa kwa nini aliachwa?"

Kijana akarekebisha skafu. Nadhani katika mafunzo yao hawakufika hapo.

Akaamua kutaja bei. Alisema milioni moja na laki moja, haraka, kama mtu anayetupa jiwe na kujificha. Nikawasikia mitamba wanakohoa Ndanai.

Mama akakaa kimya. Kule kwenye koito kimya chake kinaogopwa. Watu wazima wamepunguza ng'ombe kwa sababu ya kimya hicho tu. Akatazama gari, akatazama mbingu, akatema mate kando, kisha akasema ile sentensi ambayo amefungulia kila mazungumzo ya maisha yake.

"Doa kitogo."

Ngoja nieleze. Kwa ulimi wa kwetu T na D ni ndugu wa tumbo moja, na K na G vile vile. Wanaazimana nguo bila kuulizana. Sitaandika maneno yote ya Mama vile yalitoka, maana hata wangu mimi yana ndugu zake. Lakini mtu yeyote wa kutoka Bomet hadi Kericho angejua hapo mzee amesema "toa kidogo", yaani punguza. Hata kuku wa hapo wanajua. Lakini huyu hakuwa wa hapo. Huyu alikuwa mtu wa Mombasa mwenye masikio safi, na masikio yake yalisikia doa. Doa kidogo. Alama. Waa.

Akaisogelea gari haraka.

"Wapi, mzee?"

"Hapo hapo," Mama akasema, akionyesha gari yote na fimbo, kwa sababu bei ilikuwa ya gari yote.

"Upande gani?"

Mama akashangaa. Hajawahi kuulizwa kupunguza bei kwa upande gani. Lakini msemaji wa koito haonyeshi mshangao. "Upande wowote," akasema. "Wewe ndiye unajua."

"Mimi?"

"Si gari ni yako?"

Kijana akageukia gari. Akatoa kitambaa mfukoni, akafuta mlango, akatazama kitambaa. "Mzee wangu, ukiwa mbali namna hiyo, inaonekana kubwa?"

"Nani amesema kubwa? Mimi nimesema kidogo. Lakini kama unaweza kubwa," Mama akatabasamu, "basi fanya kubwa. Sitakataa."

Hapo mimi nilikuwa nimeanza kuhisi kwamba kuna mbuzi wawili wanakula kwa mashamba tofauti. Lakini kabla sijajua la kusema, kijana akavunjika. Alivunjika kabisa, kama kikombe. Akakaa juu ya bampa, koti likampanda masikioni.

"Nani amewaambia?" akauliza. "Ni soja wa geti? Ni yeye, najua. Wallahi, mzee wangu, ilikuwa bahati mbaya. Nilikuwa naiingiza hapa, mvua inanyesha, mvua yenu hii isiyo na breki, vioo vyote ukungu. Sikuona nguzo ya geti. Imeparuza mlango wa nyuma, huu, chini. Nikapeleka kwa fundi, nikalipa mwenyewe, akapiga rangi. Bosi hajui. Bosi akijua narudi pwani kesho."

Mama akageuka kwangu akaniuliza kwa Kipsigis, "Huyu mtoto analia nini? Nimeuliza punguzo tu."

Nikamwangalia kijana. Tulikuwa wa rika moja. Niliona wazi kwamba nikinyamaza tu, atatupatia bei yoyote tunayotaka ili tusiseme, na gari itakuwa yangu. Niliona pia nitakavyokuwa naiendesha, na kila nikifungua ule mlango wa nyuma namwona amekaa pale kwa bampa. Mimi siwezi mambo kama hayo. Hata kuku nikichinja namwomba msamaha.

Nikachuchumaa karibu naye. "Ndugu, sikia. Mama hakusema doa."

"Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Alisema toa. Toa kidogo. Punguza. Ni ulimi tu."

Akarudia polepole, "Toa."

"Toa."

"Kwa hiyo hakuona kitu?"

"Hakuona kitu. Hata miwani ameacha nyumbani."

"Na mimi nimeshasema yote."

"Umesema yote. Hata ya soja."

Akafunika uso na kitambaa. Mabega yakaanza kuruka, na mimi nikafikiri sasa ndiyo amelia kweli, kumbe anacheka. Kile kicheko kikanishika na mimi. Tukacheka tumeshikana mabega kama walevi wawili wa mchana, mpaka Mama akagonga chini na fimbo.

"Nielezeni na mimi, ama nicheke peke yangu baadaye?"

Nikamweleza. Nilijua naitoa gari yangu mkononi, lakini nikamweleza: kwamba kijana alisikia doa, kwamba sisi hatukujua doa lolote, kwamba amejitoa mwenyewe.

Mama hakucheka. Aliinama polepole, magoti yakalia, akatazama ule mlango kwa chini, akapitisha kidole. Kweli, rangi ya pale ilikuwa nyeupe ya maziwa, na ya kwingine nyeupe ya mfupa. Akainuka.

"Kumbe kuna doa," akasema. "Basi sasa ni toa mbili. Toa ya kwanza ni ya heshima, ile kila mtu anapewa. Ya pili ni ya hii."

"Mzee wangu," kijana akasema, "mimi siwezi kutoa hata moja bila bosi."

"Mpigie."

"Nikimpigia atauliza kwa nini."

"Mpigie. Nitaongea mimi."

Akapiga, akaweka sauti kubwa. Bosi alikuwa mwanamke, tena mwenye haraka, nyuma yake kunasikika watu wengine wanamngoja. Kijana akamwambia kuna wateja hapa wanataka kupunguziwa.

"Wako wangapi?"

"Ni kijana mmoja na Mama yake."

"Basi mpe huyo mama simu! Wanawake tutaelewana."

Mama akaichukua simu, akaisogeza mdomoni kama maikrofoni ya harambee. "HALO," akasema, kwa ile sauti yake ya kuvusha ng'ombe mto.

Bosi akashusha sauti. "Mama... una mafua?"

"Mimi ni mzima, asante Mungu. Hapa Kericho mvua ni nzuri. Kwenu?"

Sitasimulia yote. Alimpeleka kwa mvua, akampeleka kwa bei ya majani, akamuuliza kama ana ng'ombe, akafurahi sana kusikia anao. Halafu akaja kwa shughuli. Alisema gari ni nzuri lakini mlango mmoja wa nyuma umeguswa.

Bosi akawa mkali mara moja. "Umeguswa na nani?"

Kijana akafumba macho. Mimi nikashika kioo cha pembeni cha gari.

"Umeguswa na geti," Mama akasema.

"Geti lilitembea?"

"Mimi sikuwepo, mama. Ninachoona ni kwamba geti na mlango walikutana. Na huyu kijana wako hakunificha. Angeweza kunificha, mimi miwani sina, lakini alinionyesha kwa mkono wake. Kijana kama huyo usimpoteze. Wengine wangeniuzia hata gari isiyo na injini."

Halafu yule mwanamke akacheka, kicheko kifupi cha mtu ambaye hana muda wa kucheka.

"Laki tisa na nusu," akasema. "Sitoi tena hata shilingi. Na hilo geti, mwambie nikija wiki ijayo nitaongea nalo."

Simu ikakatika. Kijana akafungua macho, akasema "Alhamdulillahi", kisha akakumbuka wiki ijayo, akayafunga tena.

Laki tisa na nusu. Mama alikuwa amesema laki tisa, na neno lake huwa halina mlango wa nyuma. Kwenye koito wakifika hapo, upande mmoja hutoka nje kuongea peke yao. Basi akanishika mkono tukaenda nyuma ya kontena la ofisi, tukasimama kwa nyasi yenye maji, kama wazee wawili wa ukoo, mmoja akiwa hana hata ndevu za kunyoa.

"Kule mbele nimeona nyeupe nyingine," Mama akasema. "Haina doa. Labda bei yake itashuka. Nijibu kama mwanaume. Unataka gari, ama unataka hii?"

Moyo wangu ulitaka kusema gari, yoyote, hata kile chekundu chenye mdoli, mradi si mitamba. Lakini nilifikiri kwanza, jambo ambalo si tabia yangu.

"Hii," nikasema. "Hii nimejua kidonda chake kiko wapi. Ile nyingine ina kidonda pia, lakini nitakijua nikiwa katikati ya matope na mama mjamzito ndani."

Mama akanyamaza. Kimya chake kile. Nilihesabu matone yanayodondoka kutoka kwa kontena, nikapoteza hesabu.

"Mimi nimeongea mahari ya watu wengi," akasema mwishowe. "Binti anayesifiwa mpaka jioni, huyo uliza tena. Lakini binti ambaye watu wake wamekuambia, huyu wetu ni mkaidi asubuhi, anaamka na hasira, huyo chukua. Hao hawakudanganyi kwa mengine." Akatazama gambuti zake. "Nimekuwa nikiwaambia watu hivyo miaka yote. Sikujua kuna siku nitalazimika kulipia."

Akatoa simu yake ndogo ya vibonyezo, akampigia yule mtu wa Ndanai mwenye mitamba. Nilisikia nusu ya mazungumzo tu.

"Ni mimi. Hao watoto wako warembo, watafutie bwana mwingine... Hapana, hawana ubaya wowote... Hapana, bei yako ilikuwa sawa... Ni kwamba nimeoa kwingine."

Halafu akacheka peke yake hadi akashika kontena.

Karatasi na benki zilitumaliza mchana wote, na sina la kusema kuhusu benki isipokuwa kwamba walimwomba Mama aache fimbo nje na yeye akawaomba waache bunduki nje. Tuliporudi yadi, kijana alikuwa ameing'arisha gari mara ya pili na kunyoosha zulia za miguuni. Akanipa ufunguo kwa mikono miwili. Mama akamwambia siku akipata nafasi aje nyumbani, kuna maziwa mpaka ya kuogea, mtu asiye na ng'ombe asikae peke yake. Kijana akasema atakuja. Alikuja, lakini siwezi kuanza habari za mtu wa Mombasa na mursik hapa.

Basi nikaingia. Usukani ulikuwa baridi, na mzito kuliko nilivyozoea. Nikawasha. Ikakubali. Nikatoka getini kwa mwendo wa kobe mwenye mashaka, kijana akiwa ameshika ile nguzo kwa mikono yote miwili kana kwamba inaweza kujirusha.

Mama alikaa mbele, kamba ya kiti imemfunga kifuani, fimbo katikati ya magoti, macho kodo. Mwanzo aliniendesha yeye. "Kuna mtu. Kuna mbwa. Kuna kona. Kuna mtu tena." Mvua ya jioni ikaanza. Majani chai pande zote mbili yakawa yanang'aa, wachumaji wanakimbilia vibanda na vikapu kichwani, na mimi mikono yangu, ile Eiyo aliyoiombea kazi, ilikuwa inafanya kazi. Nilitaka kumwambia Mama kitu kizuri. Nilikuwa nimekitengeneza tangu Kericho: kwamba maziwa yake nitayabeba bila kumwaga, kwamba hatajuta miti yake.

Nikageuka kidogo kuanza. Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kioo, kofia imeteremka puani, mdomo wazi. Mama halali garini. Kwa gari za watu amekuwa akikaa wima kama msumari, anasema dereva ni mtu unayemkabidhi roho na humjui hata ukoo wake.

Mbele kulikuwa na tuta. Nikalipanda polepole, tairi moja baada ya nyingine, kichwa chake kikatikisika kidogo tu na kurudi mahali pake. Baada ya hilo nikaona mashimo ambayo maisha yangu yote sikuwahi kuyaona, nikayazunguka yote. Nyuma yangu watu wakaanza kupiga honi. Nikatoa mkono dirishani kwenye mvua, nikawaashiria wapite, wapite tu taratibu, kuna mtu amelala. Wakapita wote. Akapita hata mwenye trekta ya majani, na alipofika sambamba na mimi alinitazama kwa huruma, akaniuliza kwa ishara kama injini imekufa.

Nikamwonyesha dole gumba, nikabaki na gia ya pili hadi nyumbani.